Masika ndiyo maandalizi: mwongozo kamili wa mazoezi kabla ya msimu wa uwindaji kufunguliwa

Nchini Tanzania msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa tarehe 1 Julai. Wiki chache kabla ya hapo magari huanza kuingia vitaluni, yaani maeneo yaliyotengwa kwa uwindaji: Selous, Rungwa, Moyowosi, Maswa. Barabara zinafyekwa, kambi zinasimamishwa upya, na watu waliokuwa makwao tangu msimu uliopita wanaitwa kazini: wawindaji bingwa, wafuata nyayo, wachunaji, wapagazi, na askari wa wanyamapori watakaofuatana nao. Wengi hufika wazito. Miezi ya mvua vitalu havipitiki, kazi hakuna, na mwili uliozoea kutembea toka alfajiri mpaka jioni umekaa. Siku ya tatu ya msimu unawajua tu: huyu anachechemea, yule anakaa chini kila mkisimama, mwingine amemaliza maji yake kabla ya saa tatu asubuhi.

Nimeandika kwa ajili ya hao, na kwa yeyote anayewinda kwa kibali halali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini askari wa doria wa huko anayeshinda porini na mzigo mgongoni atakuta humu mengi yanayomhusu. Ninalotaka kusema ni hili: kazi ya porini inadai miguu itembee polepole siku nzima, iiname ghafla, na mwisho wa yote mikono ibaki imetulia. Mwili wa namna hiyo hauwezi kujengwa Juni. Uanze Machi.

Kwanza, ijue kazi yenyewe

Chukua mfano wa nyati. Nyayo huokotwa alfajiri penye maji, kundi likiwa limekunywa usiku na kurudi malishoni. Wafuata nyayo wanashika njia, na mwendo ni wa taratibu, wa kusimama na kuanza tena. Kufika saa nne jua limepanda, nyati wanatafuta kivuli walale, na upepo unaanza kugeukageuka. Hapo ndipo ugumu unapoingia. Mfuko wa majivu unatikiswa kila baada ya dakika chache kuona upepo unaelekea wapi, mnazunguka kichaka kizima ili msinuswe, mnanyata, mnachuchumaa, mnatambaa kwa viwiko juu ya changarawe. Sheria hairuhusu kumpiga mnyama ukiwa ndani ya gari, kwa hiyo kilomita zote hizo ni za mguu, na kufikisha 15 kwa siku ni jambo la kawaida. Mnyama akianguka, kazi ya wapagazi ndiyo kwanza inaanza: dume la nyati huweza kufika kilo 700 au zaidi, na nyama hiyo lazima ifike barabarani, begani au kwa mzega.

Hesabu basi ni vitu vinne: mwendo mrefu, kuinama na kutambaa, mzigo, na utulivu wa mikono baada ya pumzi kupanda. Joto la Oktoba linakuja juu ya vyote vinne. Zoezi lisilogusa hata kimoja kati ya hivyo halikudhuru, ila usilihesabu kuwa maandalizi.

Pili, jipime mwanzoni mwa Machi

Kabla ya chochote, kama umevuka miaka 40, au una uzito mkubwa, au kwenu kuna historia ya presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, nenda zahanati upimwe shinikizo la damu na sukari. Ni kipimo cha dakika chache. Mtu akipata shida ya moyo kitaluni, kwenye hospitali yenye uwezo ni mbali mno, na wenzake wataacha kila kitu wambebe.

Kisha fanya majaribio haya matatu kwa siku tofauti na uandike matokeo kwenye daftari. La kwanza, tembea kilomita 10 za tambarare ukiwa na kilo 5 mgongoni. Mtu aliye tayari kwa msimu humaliza chini ya saa mbili na bado anaweza kupiga soga. La pili, chuchumaa mpaka chini, visigino vikiwa vimekanyaga ardhi, ukae hivyo dakika mbili. La tatu, hesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla hujatoka kitandani. Namba hiyo itashuka kadiri mwili unavyojengeka, na siku utakayoikuta imepanda kwa mapigo saba au manane bila sababu, ujue mwili umechoka au homa inakuja. Siku hiyo pumzika.

Ukishindwa jaribio la kwanza mwezi Machi usivunjike moyo. Una wiki 16 kamili kuanzia tarehe 10 Machi mpaka 30 Juni.

Tatu, msingi wa kutembea

Hapa nitakaa, maana ndipo watu wanapokosea zaidi. Kijana akiambiwa ajiandae hukimbilia kukimbia: siku ya kwanza kilomita nane mbiombio, siku ya pili hawezi kushuka ngazi, wiki ya pili ameacha. Mwendo wa polepole ndio unaojenga. Ukitembea kwa saa nyingi bila kuhema, mishipa midogo ya damu ndani ya misuli huongezeka, moyo huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na misuli hujifunza kutumia mafuta ya mwili badala ya kumaliza haraka akiba ya wanga. Akiba hiyo ikiisha saa sita mchana, miguu hugoma.

Kipimo chake hakihitaji saa ya bei ghali. Uweze kuzungumza sentensi nzima bila kuikata kutafuta pumzi. Ukishindwa, punguza mwendo.

Wiki 4 za kwanza tembea siku nne kwa wiki: siku tatu za dakika 45 mpaka 60, na siku moja ndefu ya saa moja na nusu. Wiki ya 5 hadi ya 8, siku ndefu iongezeke taratibu ifike saa tatu. Wiki ya 9 hadi ya 12 ifike saa nne, na tafuta njia yenye vilima. Wiki ya 13 hadi ya 15 ifike saa tano au sita, ukiwa umevaa na kubeba vile vile utakavyovaa na kubeba porini. Kila wiki ya nne punguza muda wote kwa theluthi moja ili mwili ujijenge. Mapumziko hayo si uvivu. Misuli hupata nguvu ndani ya wiki chache, lakini kano huchukua miezi, na ile ya kisigino ndiyo humwumbua mwenye haraka. Ukisikia maumivu juu ya kisigino asubuhi unapokanyaga hatua za kwanza, punguza mara moja, usisubiri yapite yenyewe.

Njia za masika zina tope, na tope lina faida yake: vifundo vya miguu vinajifunza kushika pasipo imara. Usikatize kwenye madimbwi na mabwawa yaliyotuama, kichocho kipo. Na usichague tambarare kila siku kwa sababu ni nyepesi. Kinachoua mapaja msimuni ni mteremko. Misuli inapojikaza huku ikivutwa, kama inavyokuwa unaposhuka, huumia zaidi kuliko inapopanda, na ndiyo sababu ya yale maumivu ya siku ya pili. Habari njema ni kwamba mwili hujifunza upesi: mteremko uliokutesa wiki hii utakusumbua kidogo sana wiki mbili zijazo. Waliopo Morogoro wana Uluguru, wa Mbeya wana Loleza, wa Arusha wana miteremko ya Meru iliyo nje ya hifadhi. Aliye tambarare kabisa atumie ngazi za jengo, na asishuke kwa lifti.

Swali ninaloulizwa sana: je, kulima si mazoezi? Ni mazoezi mazuri. Jembe la masika linajenga mgongo, mabega na mshiko wa mikono, na siku uliyolima asubuhi nzima huna haja ya zoezi lingine la nguvu. Lakini mkulima anasimama mahali pamoja. Shamba halimtembezi kilomita 15, kwa hiyo matembezi yabaki palepale.

Nne, nguvu mara mbili kwa wiki

Huhitaji jimu. Unahitaji kigoda au gogo lenye urefu wa goti, madumu mawili, kiroba cha mchanga, na nusu saa.

Anza na kuchuchumaa. Shuka mpaka chini kabisa, inuka, mara 15, mizunguko mitatu. Ikiwa rahisi, kumbatia kiroba kifuani. Nje ya mazoezi, jizoeze pia kukaa hivyo: ukipiga soga, ukimenya muhogo, ukisubiri chai. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao uwindaji ndio maisha yao, walipopimwa na watafiti walionekana kupumzika karibu saa 10 kwa siku, muda usiopishana sana na wa watu wa mjini. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2020. Tofauti ni kwamba sehemu kubwa ya mapumziko yao ni ya kuchuchumaa na kupiga magoti, misuli ikiendelea kufanya kazi kidogokidogo. Kiti ndicho kilichotunyima nyonga zetu, na kwa mwindaji hasara hiyo inaonekana pale anapotakiwa kunyata mita 200 bila kunyanyuka.

Kisha panda kigoda kwa mguu mmoja, shuka polepole ukihesabu mpaka tatu, mara 12 kila mguu. Kushuka ndiko kwenye faida, usijiangushe. Fuata na kuinua visigino ukisimama kwenye ukingo wa ngazi, mara 20. Halafu shika dumu kila mkono, tembea mita 50 mgongo umenyooka, pumzika, rudia mara nne. Dumu la lita 10 linatosha kuanzia. Pushapu kadiri unavyoweza, ukiacha mbili tatu kabla hujaishiwa. Malizia kwa kutambaa: mita 20 kwa magoti na viganja, mita 20 kwa viwiko. Watu huona aibu kutambaa uani kwao. Nakusihi utambae. Hakuna zoezi jingine linalofanana na dakika kumi za mwisho kabla ya risasi, na asiyelizoea hufika amelewa kwa uchovu, akiinua kichwa nyati wamuone.

Tano, mzigo

Usibebe kitu wiki 4 za mwanzo. Wiki ya 5 weka kilo 5 kwenye begi siku moja tu kati ya nne, ile ndefu. Ongeza kilo 2 kila baada ya wiki mbili. Mwindaji na mfuata nyayo wakifika kilo 10 hadi 12 wanatosha. Mpagazi ataendelea mpaka 15, lakini asivuke theluthi ya uzito wake mazoezini.

Maji ndiyo mzigo bora. Lita 5 ni kilo 5, hakuna haja ya mizani, na yana faida ambayo mchanga hauna: ukifika kileleni unayamwaga, ukashuka mwepesi, magoti yakapumzika. Wiki ya 10 ndipo uanze kushuka nayo nusu. Mzigo ukae juu, karibu na mabega, umebana mgongo. Ukining'inia chini unavuta kiuno. Wanaobeba kwa mzega wafanye mazoezi wawili wawili, kwa sababu kulinganisha hatua na mwenzako ni ujuzi wa peke yake.

Viatu vizoeshwe sasa. Buti mpya zilizovaliwa mara ya kwanza tarehe 1 Julai ni malengelenge ya uhakika. Mzee aliyezoea makatambuga asibadilishe kwa sababu kampuni imetoa buti. Avae zote mbili kwa zamu kuanzia Mei, ngozi ya mguu iamue.

Sita, pumzi juu, mikono chini

Kuanzia wiki ya 9, mara moja kwa wiki, ongeza zoezi la kupandisha pumzi. Tafuta kilima cha dakika mbili. Panda kwa nguvu mpaka usiweze kusema zaidi ya maneno matatu, shuka taratibu, rudia mara nne. Wiki ya 13 fanya mara sita. Isizidi siku moja kwa wiki.

Sasa unganisha na shabaha. Kwa nyati, simba na tembo Tanzania inadai bunduki isiyopungua kaliba (kipenyo cha mtutu) ya .375, na bunduki ya namna hiyo ina kilo 4 hivi. Huna haja ya kuigusa kila wiki. Chonga mti wenye uzito huo, tengeneza fimbo tatu zilizofungwa juu kwa kamba kama zile za kuegemezea bunduki porini, kisha ukifika kileleni unahema, simamisha fimbo, egemeza mti, na ulenge jani moja. Tazama ncha inavyocheza. Toa pumzi, na pale pumzi inapoisha yenyewe, kabla hujavuta nyingine, kuna utulivu mfupi. Huo ndio wakati wa kufyatua. Ukishindwa kuupata, subiri pumzi ya pili, usilazimishe. Anayetumia silaha yake halisi, iliyosajiliwa, aikague mara mbili kuwa haina risasi, na risasi zenyewe zikae chumba kingine.

Hapa nasema kwa uzito wote. Risasi iliyopigwa na mtu anayehema humjeruhi mnyama bila kumwua. Mnyama yule anateseka, na nyati aliyejeruhiwa lazima afuatwe ndani ya kichaka, na anayetangulia kumfuata ni yule mfuata nyayo asiye na bunduki mkononi. Pumzi yako ni uhai wa mwenzako.

Saba, joto

Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kuzoea joto: jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, chumvi ndani yake hupungua, mapigo ya moyo hushuka kwa kazi ileile. Ukikaa wiki chache kwenye baridi, uzoefu huo hupotea. Tatizo letu ni kwamba Juni na Julai ni kipupwe. Anayetoka Arusha au Iringa kwenda bonde la Rufiji aanze wiki mbili za mwisho za Juni kutembea saa moja hadi saa moja na nusu kila siku, kati ya saa sita na saa tisa mchana, akiwa na shati la mikono mirefu. Hata hivyo joto la kweli linakuja Septemba mpaka Novemba, kwa hiyo ukipewa likizo ya kwenda nyumbani nyanda za juu katikati ya msimu, siku tatu nne za kwanza za kurudi usijifanye yule uliyeondoka.

Kunywa kwa kadiri ya kiu, kidogokidogo, na tazama mkojo: ukiwa mweusi kama chai, umechelewa. Kunywa lita nyingi za maji matupu huku jasho linamwagika nako ni hatari, chumvi ya damu hushuka. Siku ya jasho jingi changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka au kuyumba juani, usimhojihoji. Mweke kivulini, mvue, mmwagie maji, mpepee, ndipo mpange safari ya hospitali.

Nane, chakula na kitambi

Wahadzabe hao hao walipimwa nishati wanayotumia kwa siku, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yaliwashangaza wengi: ukizingatia ukubwa wa miili yao, hawatumii zaidi ya watu wa Ulaya na Marekani, ingawa wanaume wao walikuwa wakitembea kilomita 11 hivi kila siku. Maana yake kwako ni kwamba matembezi yatakupa moyo imara na miguu, lakini kitambi kitapungua mezani. Punguza soda, chai ya sukari nyingi, chipsi za usiku na bia. Usipunguze maharage, dagaa, mayai, kunde, karanga na mboga. Kula protini kila mlo, maana misuli inayojengwa inaihitaji. Ugali siku ya matembezi marefu uwe wa kutosha. Siku ya kukaa uwe nusu.

Lala kwa muda wa saa saba au nane. Msimuni utaamshwa saa kumi usiku, basi Juni anza kulala mapema.

Masika huleta malaria. Ukiwa na homa, hakuna zoezi, hata jepesi. Kapime, maliza dozi, na ukipona anza tena kwa nusu ya ulipoachia. Usijaribu kufidia wiki zilizopotea kwa wiki moja.

Wiki ya mwisho na baada ya hapo

Kuanzia tarehe 24 Juni punguza kila kitu kwa nusu. Rudia yale majaribio matatu ya Machi mwanzoni mwa wiki hiyo, linganisha na daftari, kisha acha. Mwenye hofu hujikamua siku nne za mwisho na kufika kambini amechoka.

Msimu ukianza, kutembea kunajitosheleza, ila nguvu hupungua. Nusu saa ya kuchuchumaa na madumu mara moja kwa wiki, siku ya kusafisha kambi, itakushikilia mpaka mwisho. Kila jioni osha miguu, ikaushe katikati ya vidole, kagua miiba na kupe, badili soksi. Mbung'o watakuuma, hilo halikwepeki vitalu vya miombo, basi vaa nguo za rangi ya khaki au kijani, epuka bluu na nyeusi zinazowavuta. Ukipata homa hata wiki kadhaa baada ya kutoka porini na kipimo cha malaria kikawa safi, mwambie daktari waziwazi kwamba ulikuwa kwenye eneo la mbung'o, ili akupime na malale.